Maswali ya Wasomaji: Mfumo wa Stesheni ya Kazi Ulivyosubiriwa Nyumbani

Katika toleo lililopita safu hii ilitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta na programu nyingine zote) unaotumika leo katika kompyuta za Macintosh za kampuni ya Apple asili yake ni mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya vyuo vikuu, na kwamba ulichukua zaidi ya miaka kumi kufika majumbani. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, kwa hiyo nafasi yote ya leo tumeiacha kwa ajili yake.

Ndugu Mhariri, nilifanya kazi ya kupanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji kuanzia mwaka 1992 hadi nilipostaafu mwanzoni mwa mwaka 2001. Tulitumia Macintosh, na fundi wetu, kijana aliyesomea nje, kila mwaka alituambia kwamba mfumo mpya unakuja, wa aina ile inayotumika katika kompyuta za maabara na vyuo, na kwamba utakapofika programu moja ikiganda nyingine zitaendelea na kazi. Nilistaafu bila kuuona. Ulikuwa mfumo gani hasa, na kwa nini ulichelewa kiasi hicho?
*Mstaafu, Temeke, Dar es Salaam*

Shikamoo, mzee wetu. Kijana wenu hakuwadanganya. Mfumo wa aina aliyoitaja ulikuwapo kweli, tena ulikuwa umeshaanza kuuzwa miaka mitatu kabla hujaanza kazi hiyo. Uliitwa NeXTSTEP, toleo lake la kwanza lilitoka Septemba 1989, na ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta nyeusi ya kampuni ya NeXT, ambayo Steve Jobs aliianzisha mwaka 1985 baada ya kuondoka Apple. Kompyuta hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza San Francisco, Oktoba 1988, kwa bei ya dola 6,500, na ilikuwa na kumbukumbu (nafasi ambamo programu hufanyia kazi) ya megabaiti 8 wakati ambapo Macintosh Plus, iliyokuwa imeenea ofisini, ilitoka kiwandani na megabaiti 1. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti katika mashine ya aina hiyo mwaka 1990, kwenye maabara ya CERN.

Ili kuelewa mlikuwa mkisubiri nini, ni lazima kwanza tuseme stesheni ya kazi ni kitu gani. Ni kompyuta inayokaa juu ya meza ya mtu mmoja kama ile ya nyumbani, lakini nguvu na mfumo wake vimerithiwa kutoka katika mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Kampuni kama Sun Microsystems, iliyoanzishwa mwaka 1982, ziliziuza kwa wahandisi na watafiti, na karibu zote zilitumia Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs mwaka 1969. Unix ilijengwa kwa watu wasiofahamiana wanaotumia mashine moja, na kwa sababu hiyo kila sehemu yake imepangwa kwa kudhani kwamba jirani anaweza kukosea, na kwamba kosa lake lisimdhuru mwenzake.

Macintosh ya Januari 1984 ilipangwa kwa dhana tofauti kabisa. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na prosesa (chipu inayotekeleza maagizo ya programu) ya Motorola 68000, ambayo haikuwa na sehemu ya kulinda kumbukumbu, na ilikusudiwa mtu mmoja aendeshe programu moja. Waliobuni hivyo hawakukosea, kwani katika kilobaiti 128 huna nafasi ya kuweka askari wa kulinda kitu kingine. Shida ilianza mwaka 1987, ilipotolewa MultiFinder iliyoruhusu programu kadhaa kukaa wazi pamoja, na tangu hapo wapangaji wengi wakaishi katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mmoja.

Programu hizo zilitumia prosesa kama majirani wanaochota maji kwenye bomba la mtaa lisilo na msimamizi. Kila mmoja hujaza ndoo yake kisha humpisha mwenzake kwa hiari, na mambo huenda vizuri hadi atokee mmoja asiyeondoka bombani, ndipo foleni yote husimama. Katika Unix yupo msimamizi, ambaye ni kiini cha mfumo, naye humwondoa kila mchotaji muda wake ukiisha, apende asipende. Kumbukumbu nayo ilikuwa kama vyumba visivyo na milango: programu iliyopotea njia iliweza kuingia chumba cha programu nyingine, hata chumba cha mfumo wenyewe, na kuandika juu ya vitu vilivyokuwamo. Katika stesheni ya kazi kila chumba kina kufuli, na anayejaribu kuingia kwa jirani huondolewa yeye peke yake.

Apple walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1994 walianza mradi wa Copland, ambao ungekuwa mfumo mpya wa Macintosh, na naamini huo ndio fundi wenu aliokuwa akiwasimulia wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 1995 nakala za majaribio ziliwafikia waandishi wachache wa programu, na Agosti 1996 mradi ukavunjwa, kwa ushauri wa Ellen Hancock, mkuu wa teknolojia aliyeletwa na mkurugenzi mkuu mpya, Gil Amelio. Kuna jambo ambalo wasubiriji wengi hawakulielewa. Hata kama Copland ingekamilika, programu zenye madirisha, yaani zote mlizokuwa mkizitumia kupangia kurasa, zingeendelea kuchangia chumba kimoja cha kumbukumbu na kupishana kwa hiari bombani, na ulinzi kamili ungezihusu zile tu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Kwa maoni yangu, kuvunjwa kwake kuliwaokoa watu na miaka mingine ya kusubiri kitu cha nusu.

Naomba pia nitaje jambo ambalo huniuma kila ninapolisoma. Kuanzia mwaka 1988 Apple waliuza mfumo wao wenyewe wa Unix kwa ajili ya Macintosh, uitwao A/UX, na kufikia toleo la 3 la mwaka 1992 uliweza kuendesha programu za kawaida za Macintosh ndani ya Unix, kwenye skrini ileile na kwa menyu zilezile. Lakini mashine za kwanza zilihitaji kuongezewa kifaa cha kulinda kumbukumbu, na soko lililolengwa lilikuwa la vyuo na ofisi za serikali ya Marekani. Apple walipohamia prosesa za PowerPC mwaka 1994, A/UX haikuhamishwa pamoja nao, na mwaka uliofuata ikaachwa. Jibu walikuwa nalo kabatini mwao.

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Apple waliinunua NeXT mwishoni mwa mwaka 1996. Ikiwa walinunua mfumo uliokwisha kufanya kazi kwa miaka saba, kwa nini hawakuuweka katika Macintosh mwaka uliofuata? Miaka minne na zaidi ilikwenda wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Tanga*

Mwalimu, swali lako ndilo kiini cha habari yote, na nitalijibu kwa kirefu.

Ununuzi ulitangazwa tarehe 20 Desemba 1996, kwa zaidi ya dola milioni 400. Kabla ya hapo Apple walizungumza na kampuni ya Be, ya Jean-Louis Gassée aliyewahi kuwa kiongozi kwao, wakashindwa kuafikiana bei, na walifikiria hata kuchukua mfumo wa Sun au Windows NT ya Microsoft. NeXT walikuja na kiini cha Mach, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Unix ya tawi la Berkeley, yaani ile iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na pia walikuja na Avie Tevanian, mmoja wa waliokiandika kiini hicho tangu akiwa mwanafunzi. Isitoshe, mfumo wao ulikuwa umeshahamishwa kutoka prosesa za Motorola hadi za Intel mwaka 1993, hivyo kuuhamishia PowerPC hakukuwa mlima usiopandika. Kwa upande wa uhandisi, mwaka mmoja au miwili ingetosha, na kweli mwaka 1997 nakala za kwanza za mfumo huo, ukiitwa Rhapsody, ziliwafikia waandishi wa programu.

Kilichokwama ni mizigo ya wahamaji. Mpango wa Rhapsody uligawa nyumba pande mbili. Upande mmoja programu za zamani zingeendeshwa jinsi zilivyo, zikiwa zimefungiwa pamoja kama zilivyozoea, bila kufaidi kufuli wala msimamizi. Upande wa pili ungekuwa wa programu mpya, zilizoandikwa upya kwa namna ya NeXT na kwa lugha ya Objective-C. Sasa fikiria kampuni kama Adobe au Microsoft, zenye programu zilizoandikwa kwa zaidi ya miaka kumi, mistari na mistari ya maagizo, zikiambiwa zianze upya kwa ajili ya mashine ambazo soko lake wakati huo lilikuwa likipungua. Zilikataa, na mimi siwalaumu. Mfumo bora usio na programu ambazo mtu anazitumia kupata riziki yake ni jumba zuri lisilo na jiko.

Hapo ndipo Mei 1998 Apple walipobadili mpango mbele ya waandishi wa programu. Walipitia maelfu ya maagizo ambayo programu za zamani ziliyatumia kuuomba mfumo huduma, wakayatupa yale yasiyoweza kabisa kuishi katika nyumba yenye kufuli, na yaliyobaki wakayaandika upya juu ya kiini kipya. Mkusanyiko huo waliuita Carbon, na mfumo mzima wakauita Mac OS X. Maana yake ni kwamba kampuni yenye programu ya zamani ilitakiwa kuirekebisha badala ya kuizaa upya, na ikisharekebishwa inapata ulinzi na msimamizi sawa na programu iliyozaliwa ndani ya NeXT. Mwalimu, huko ndiko miaka yako minne ilikokwenda. Kiini kilikuwa tayari, na kilichojengwa kwa muda wote huo ni daraja la kuwapitisha watu bila kuwaambia waache vyombo vyao ng'ambo.

Mac OS X Server, ambayo kwa kweli ilikuwa Rhapsody kwa jina jingine, ilitoka Machi 1999 kwa dola 499. Septemba 2000 nakala ya majaribio ya mfumo wa nyumbani iliuzwa kwa dola 29.95, na watu walilipa kwa hiari kuonja kitu ambacho hakijaiva, jambo linaloonyesha kiu iliyokuwapo. Tarehe 24 Machi 2001 toleo la 10.0 likafika madukani kwa dola 129. Lilikuwa zito, lilidai kumbukumbu ya megabaiti 128, halikuweza kuchezesha DVD wala kuandika kwenye CD, na ni toleo la 10.1 la Septemba mwaka huohuo, lililotolewa bure kwa waliokwisha nunua, ndilo lililoanza kustahili kutumiwa siku nzima.

Kwa fani ya mzee wetu wa Temeke safari ilikuwa ndefu zaidi. Photoshop iliyorekebishwa kwa mfumo mpya ilitoka mwaka 2002, na QuarkXPress, ambayo wakati huo viwanda vingi vya uchapaji havikuweza kupanga ukurasa bila hiyo, ilisubiriwa hadi toleo la 6 la mwaka 2003. Kabla ya hapo mpangaji wa kurasa aliyeweka mfumo mpya alilazimika kuendesha programu yake ndani ya kile chumba cha zamani, kilichoitwa Classic. Kwa hiyo, mzee, hukukosa sherehe kwa miezi miwili ya kustaafu kwako. Wenzako waliobaki kazini waliendelea kusubiri miaka miwili zaidi.

Je, watumiaji wa Windows nao walisubiri, au wao walikuwa na mfumo wa aina hiyo tangu mwanzo?
*Karani, Mombasa*

Walisubiri, ingawa kwa namna nyingine. Microsoft walimwajiri Dave Cutler kutoka kampuni ya Digital mwaka 1988, na timu yake ikatoa Windows NT Julai 1993, yenye ulinzi wa kumbukumbu na msimamizi mkali. Lakini ilidai angalau megabaiti 12 za kumbukumbu, wakati Windows 95, iliyokuja miaka miwili baadaye, iliweza kuanza na megabaiti 4. Bei ya kumbukumbu katika miaka hiyo ilitosha kuifungia familia mlango. Kwa hiyo Microsoft waliziacha njia mbili ziende sambamba, moja ya ofisi na nyingine ya nyumbani, na hazikuungana hadi Windows XP ya tarehe 25 Oktoba 2001. Ukilinganisha tarehe utaona kwamba kambi hizo mbili zilizoshindana kwa miaka mingi zilifika ng'ambo katika mwaka mmoja, zikitengana miezi saba tu. Sababu kubwa ni kwamba kumbukumbu ya megabaiti 128 ilikuwa sasa kitu cha kawaida katika kompyuta inayouzwa dukani.

Mhariri, mimi natumia Linux na sielewi kwa nini watu walisubiri. Unix ya bure kwa kompyuta ya nyumbani ilikuwapo tangu mwaka 1991. Mbona hamwitaji?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma*

Umefanya vyema kutukumbusha, kijana. Waliokuwa na prosesa ya Intel 80386, ambayo tangu mwaka 1985 ilikuwa na sehemu ya kulinda kumbukumbu, walikuwa na kifaa mezani lakini hawakuwa na mfumo wa kukitumia ipasavyo. Mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman ili kuandika mfumo huru wa aina ya Unix, ulikuwa umeandika karibu zana zote isipokuwa kiini, na kiini chao, Hurd, kilichoanza mwaka 1990, kikawa nacho ni cha kusubiriwa. Unix ya Berkeley ilihamishiwa kwenye 386 na William na Lynne Jolitz mwaka 1992, lakini mwaka huohuo kesi kuhusu haki za Unix ikafunguliwa Marekani na haikumalizwa hadi mwanzoni mwa mwaka 1994, na muda wote huo watu waliogopa kujenga nyumba juu yake. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kiini chake Agosti 1991, na amewahi kusema kwamba kama mfumo wa akina Jolitz ungekuwapo wakati alipoanza, huenda Linux isingetokea. Basi na Linux yenyewe ilizaliwa na mtu aliyechoka kusubiri.

Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba waliosubiri walikuwa wazembe. Linux ya mwaka 1994 ilimpa mhandisi kila alichokitamani katika stesheni ya kazi, ila mpangaji wa kurasa, mhasibu au mwandishi wa barua hakukuta ndani yake programu aliyoijua, na miradi ya kuipa sura ya mezani inayoeleweka, KDE na GNOME, ilianza mwaka 1996 na 1997. Kwetu hapa lugha pia ilikuwa kizingiti, na napenda kukumbusha kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili iliyofanya kazi katika Linux na katika Windows pia. Waliofanya kazi ile walijua kwamba mgeni hukaribishwa kwa lugha anayoielewa.

Nimerithi kutoka kwa marehemu mjomba wangu kompyuta ya iMac ya rangi ya buluu ya mwaka 1999, ile ambayo trei ya CD inavutwa kwa mkono. Ina Mac OS 8.6 na bado inawaka. Naweza kuiwekea mfumo huu mnaouzungumzia, na toleo lipi?
*Msomaji, Zanzibar*

Pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza. Unaweza, ukifuata mambo machache kwa uangalifu.

Mashine hiyo ilitoka kiwandani na kumbukumbu ya megabaiti 32, ambayo haitoshi kabisa. Ina nafasi mbili za vipande vya kumbukumbu, basi tafuta vya kukufikisha walau megabaiti 256, kwa sababu zile 128 zinazotajwa kwenye kifurushi huuwasha mfumo bila kukupa raha ya kuutumia. Toleo la mwisho linalokubali iMac yako ni 10.3, kwani 10.4 hudai mashine yenye FireWire (tundu la kuunganishia vifaa vya nje), na za trei ya kuvutwa hazina. Ukilipata 10.3 katika CD zake halisi, usipitie 10.0 wala 10.1.

Iwapo diski ya asili, ambayo ilikuwa ya takriban gigabaiti 6, imeshabadilishwa na kuwekwa kubwa zaidi, igawe kwanza, na sehemu ya mwanzo isizidi gigabaiti 8, kisha mfumo uuweke humo. iMac za trei ya kuvutwa haziwezi kuanzisha Mac OS X iliyo nje ya gigabaiti 8 za mwanzo, na wengi wamedhani mashine imekufa kumbe ni jambo hilo tu.

Kabla ya yote hayo, nakili faili za marehemu mjomba wako mahali pengine. Mac OS 8.6 usiifute kwa haraka, maana ndani yake huenda kuna barua au kazi zilizoandikwa kwa programu ambazo hazikuvuka daraja, na njia rahisi ya kuzisoma ni kuzifungulia palepale zilipoandikwa.